Aliyefungua Pikipiki Yangu Alijua Kupima Oili

Kwako Mutinda, mwana wa mama,

Springi mbili za mbele na shokabsoba moja ya nyuma zilitoka kwenye pikipiki yangu kati ya Jumatatu uliyokuja kunitembelea Mwingi na Alhamisi niliyoanguka. Leo ni wiki ya tatu. Nimekupigia simu mara kumi na moja. Jumbe nimetuma nne, na zote nne umezisoma, maana simu yangu imeniambia. Kwa hivyo naandika wazi, wa nyumbani wasome, wa kanisani wasome, na wewe huko Kambu usome kwa wakati wako. Mradi usiseme barua haikukufikia.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa kifuani kwa sababu ya mfupa wa bega. Ukiona herufi zinayumba, usidhani ni hasira. Hasira ninayo, lakini iko mahali pengine.

Wacha nianze mbali, ili asije mtu akasema Mwikali ana kisirani na kaka yake.

Unakumbuka ile Desemba tulipoibadilisha pikipiki? Pikipiki nilikuwa nimeitoa mnadani, ya mradi fulani wa maji uliofungwa, na kila mtu kwetu Kasikeu aliniuliza mwanamke anaenda wapi na mnyama mrefu hivyo. Nilijua naenda wapi. Dawa za mifugo haziuziki ukikaa kaunta Mwingi kungoja mbuzi aje mwenyewe. Lazima uwafuate wafugaji kule ndani, uvuke mito ya mchanga, upande mawe. Lakini ile pikipiki ilitengenezwa kubeba mtu mwepesi kwenye barabara nzuri. Mimi nina kilo themanini na moja. Sanduku la chanjo na barafu yake ni kilo thelathini na nne. Nikikaa, nyuma inalala kama punda aliyekataa safari.

Wewe ndiye uliyenifundisha kanuni. Ulisema, "Dada, mtu akipanda na mzigo wake, nyuma ishuke theluthi moja ya urefu wa mchezo wake. Ikizidi hapo, unaendesha kitanda." Mchezo wa nyuma, yaani umbali inaoweza kushuka mpaka mwisho, ulikuwa milimita mia moja na themanini. Theluthi ni sitini. Tukapima: tisini na saba. Ukacheka ukashika kiuno. "Hiki si kitanda, hiki ni hoteli!"

Tukaenda Kambu, kwa yule muuza vyuma vikuukuu kando ya barabara ya Mombasa, tukapata mabaki ya pikipiki kubwa ya milimani. Ndiyo mara yako ya kwanza kuiona Kambu vizuri. Ulisimama ukatazama malori yanavyopita ukasema, "Hapa fundi hawezi kulala njaa." Sikujua ulikuwa unapima pa kuhamia.

Nyumbani tulisimamisha pikipiki juu ya kreti mbili za soda, mbele ya jiko la mama. Shokabsoba ya nyuma ilikuwa ndefu kidogo ukaichonga mahali pa kushikia. Springi za mbele zilikuwa ngumu sawasawa, ila fupi, zikahitaji kipande cha bomba la maji juu yake. Ukataka kukata kwa macho. Nikakushika mkono.

"Macho hayana milimita," nikasema.

"Wewe hata chumvi ungeipima kwa futi."

Tulikata milimita thelathini na tano, ikawa juu sana. Tukapunguza hadi ishirini na mbili. Katika kuijaribu ile ya kwanza ndipo springi ilikuponyoka, ikaruka juu ya kichwa chako, ikaingia kwenye sufuria ya muthokoi. Mahindi yote chini! Mama akatoka na mwiko, akatutazama, akatazama sufuria. "Sawa," akasema, "sasa pikipiki imekula kabla ya watu." Tulilala na chai siku hiyo, na sikumbuki chai nyingine tamu kama ile.

Oili ulipima kwa chupa ya kunyonyea mtoto, ile yenye mistari. Mililita mia tatu na hamsini kila mguu wa mbele. Ulipiga magoti ukafumba jicho moja, ukangoja povu litulie. Wewe mtu wa kukata kwa macho! Nikasema moyoni, huyu ameanza kunisikia.

Tulipopima tena, nyuma ilishuka sitini na moja.

Kisha ukaleta jambo la alama. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja tu kabla, na mizinga yake ya nyuki bado ilikuwa juu ya miti yote ya kule chini mtoni, kila mmoja na ile alama ya ukoo wetu: mistari miwili inayokutana juu, na mkato mmoja chini. Ulisema vyuma vizuri hivi vitaibiwa, tuviwekee alama ya baba. Ukaichora kwa greinda kwenye mwili wa shokabsoba, na kwenye pete ya mwisho ya kila springi, ile isiyobeba kazi, ili chuma kisidhoofike. Kazi safi. Nilifurahi. Hapo ndipo nilipokosea, na sasa naliona kosa langu mchana kweupe. Alama ya mzinga inamfukuza mgeni. Humwambia mpita njia, huu una wenyewe. Lakini haisemi ni wa nani kati ya watoto wa nyumba. Vitu nilivyovitafuta mimi, nilivyovibeba mimi, niliviandika jina la wote.

Sasa twende kwa Jumatatu.

Ulifika asubuhi na begi. Lilikuwa limening'inia bega moja na limeivuta shingo yako upande. Nikauliza umebeba nini, ukasema spana. Ulinikuta nimetoka kupima. Unajua mimi hupima kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na naandika kwa chaki ukutani nyuma ya duka. Ulisimama pale ukaisoma ile safu: sitini na moja, sitini na moja, sitini na mbili, sitini na tatu. Chaki ya mwisho ilikuwa bado mbichi. Wakati huo niliona ni kaka anayependa kazi yake. Sasa najiuliza kama ulikuwa unahesabu kwamba una wiki nne kabla sijapima tena.

Tukanywa chai. Ukauliza tena habari ya chuma cha baba, kile cha kuchomea alama kwenye mizinga. Nikakujibu kama nilivyokujibu Pasaka. Baba alikiweka mkononi mwangu wiki yake ya mwisho, na mama akisema kihame kitahama. Ukatikisa kijiko kwenye kikombe kisicho na sukari tena.

"Mwiitu wa mwaitu," ukasema, na huniiti binti ya mama yetu ila ukitaka jambo, "chuma cha alama hukaa kwa mwanamume. Wewe ukiolewa kitaenda wapi?"

"Kitaenda niendako."

Ukacheka. Hukucheka na macho.

Kisha, ghafla, ukawa mwema. Ukasema niende tu kwenye mkutano wa akina mama kanisani, wewe utabaki dukani unisafishie mnyororo. Mutinda, mnyororo husafishwa kwa dakika ishirini. Mimi nilikaa huko muda wa saa tatu. Nikarudi nikakuta pikipiki imeoshwa yote mpaka chini ya kiti, sakafu imemwagiwa maji, na duka linanuka oili. Tangu lini unaosha pikipiki? Wewe ndiye husema matope ni rangi ya bure. Nikakushukuru. Nikakufungia asali ya kupeleka. Ulipoondoka begi ulilibeba kwa mabega yote mawili, na uliporuka mtaro likalia kama kengele ya shule.

Jumanne na Jumatano niliendesha mjini tu, bila mzigo. Niliona inalegea nikadhani ni upepo wa gurudumu. Nikaongeza upepo. Ndivyo mtu anavyomwamini ndugu, analaumu gurudumu.

Alhamisi nilipakia dozi mia nne za chanjo ya mbuzi nikashuka kwenye mto wa mchanga. Kuna ukingo pale wa kama goti, nimeurukia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mimi nahesabu. Mbele ilizama ikagonga chuma kwa chuma. Nyuma ikanirusha. Niliiona pikipiki ikipita juu yangu, na sanduku likifunguka, na chupa zikitawanyika kwenye mchanga wa jua. Nililala pale nikisikia mbuzi wa watu upande wa pili. Walikuwa wanangoja. Chanjo iliharibika yote.

Siku ya pili, mkono ukiwa kwenye kitambaa, niliipima. Nikakaa juu na mzigo uleule. Tisini na sita.

Springi huchoka, najua. Huchoka milimita moja kwa mwezi, mbili kwa msimu. Haichoki milimita thelathini na tatu kati ya Jumatatu na Ijumaa.

Kuna kitu hukukijua. Kila nati kubwa ya pikipiki hii niliipaka mstari wa rangi nyekundu ya kucha, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho jirani. Nati ikizunguka, mstari unakatika. Niliinama na tochi. Mstari wa shokabsoba ulikuwa umekatika, nusu inatazama Mwingi na nusu inatazama Garissa. Tukafungua, mimi na fundi jirani. Nyuma tulikuta shokabsoba ya zamani, na ndani ya miguu ya mbele springi za zamani, zilezile, na kutu yake ninayoijua. Wewe ndiye uliyesema ile Desemba, "Hizi takataka nipe nikatupe." Funguo za duka ni mbili. Mmoja uko shingoni mwangu. Mwingine nilikupa wewe.

Hata hivyo nilitaka kukuamini. Nilikaa siku nzima nikitafuta mwizi mwingine. Kilichonishinda ni oili. Fundi aliimwaga, nikaipima kwa chupa: mia tatu na hamsini kulia, mia tatu na hamsini kushoto. Na vile vipande vya bomba, milimita ishirini na mbili, vilikuwa vimerudishwa juu ya springi kuukuu, vimefutwa vikafutika. Niambie, mwizi gani wa Mwingi anapiga magoti akangoja povu litulie?

Hapo nililia, na sikulia kwa sababu ya bega. Mkono ulioniibia ulinifanyia kazi nzuri.

Wiki jana alipita dukani yule mzee wa Kasikeu anayenunua mbuzi huku na kuwapeleka barabara ya Mombasa. Alikuja kuchukua dawa ya kupe. Akaniambia bila kuulizwa, "Mwikali, kumbe kakako ana pikipiki ya mashindano huko Kambu? Imesimama kama beberu aliyeona mwenzake. Na nimeona hapa chini imechorwa ile ya mizinga ya baba yenu. Nikasema, watoto wa yule mzee hawajasahau."

Nikamwambia, ndiyo, hatujasahau.

Mimi sisemi ulitaka niumie. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Lakini ulijua uzito wangu, ulijua mzigo, ulijua mto. Ulijua tisini na saba ni kitanda. Na ukanyamaza, ukabeba asali.

Unakumbuka sheria ya baba? Wakati wa njaa ndugu anaweza kufungua mzinga wa ndugu, alama ni moja, hakuna kesi. Ila aache kijiti kibichi kwenye shina la mti, ili mwenyewe akija ajue aliyekula ni wa nyumbani. Asiyeacha kijiti ni mwizi, hata kama ni mtoto wa mama. Mimi nimetafuta kijiti chako. Nimekitafuta chini ya kiti, kwenye sanduku la spana, kwenye simu. Neno moja lingetosha. "Dada, nimezichukua, endesha polepole." Maneno manne. Ningekutukana, kisha ningeendesha polepole.

Au ulizichukua kwa sababu nilikunyima chuma? Kama ndivyo, sema ndivyo. Hilo naweza kulielewa kuliko huku kusoma ujumbe na kuweka simu mfukoni.

Mama hajui bado, mpaka barua hii imfikie. Anaamini niliteleza. Jumapili anakuja kuniona na ameuliza kama na wewe utakuja.

Kwa hivyo sikiza. Jumamosi hii, saa sita mchana, nina miadi na mhunzi hapa Mwingi. Nimempelekea mchoro wa alama mpya, yangu mwenyewe, haifanani na yoyote ya kwetu. Ukijibu kabla ya hapo, ukasema ndiyo, nitamwambia apoze moto wake, na springi hata usizirudishe, tutaongea. Ukisema la, uliseme mbele ya watu wote hawa, nami nitakuuliza tu ile ya Kambu ilitoka wapi. Usipojibu, saa sita na dakika moja mhunzi ataanza kupiga. Chuma cha baba nitakifunga kwenye gunia nikutumie, kiwe chako peke yako, na alama yake ilinde mali yako peke yako. Mimi nitakuwa na yangu. Siku hiyo mizinga yako kwangu itakuwa ya mgeni, na yangu kwako vilevile.

Sitaki hadithi ya begi na spana. Sitaki salamu za watoto. Swali ni moja na nimeliandika kwa mkono usiojua kuandika: ni wewe uliyezitoa?

Jumamosi, saa sita.

Mwiitu wa mwaitu,
Mwikali