Gamba la Pembe Tatu

Kolwezi, tarehe 4 mwezi wa pili 2024

Mudogo wangu Gael,

Salamu nyingi kutoka kwetu sisi bote. Uko muzima? Unakula? Huku tuko, Mungu anasaidia. Mutoto wangu Gradi ameanza kusimama, anashika kitenge changu siku muzima, hata kufua nashindwa. Mama macho yake yamefungika kabisa, lakini masikio iko sawa. Barua zako ninamusomea pale kitandani.

Umesema njia ya kwenda mbele, Ulaya, imekatika, umebaki Erfoud, kule Moroko, unasaga mawe. Gael! Ulikimbia mashimo ya Kolwezi sababu ya vumbi, sasa umeenda kutafuta vumbi ya Baarabu? Mama alicheka mpaka machozi. Ukitoka kazini unywe maziwa, kama creuseurs, bachimbaji ba huku, banavyofanya, yaoshe kifua. Na utuambie ni mawe gani hayo.

Yaya yako,
Chancelle

Erfoud, tarehe 19 mwezi wa tatu 2024

Yaya Chancelle,

Amani kwako na kwa mama. Gradi umubusu kwa niaba yangu. Mi niko muzima, kikohozi kidogo tu. Maziwa ninakunywa.

Yaya, haya si mawe ya shaba. Ni magamba ya badudu ba bahari, yaliyogeuka mawe; tunayasaga yang'ae, patron anayauza. Hii jangwa yote ilikuwa bahari! Badudu bale balikufwa zamani, hakubaki hata mumoja. Konokono? Hapana, patron, mwenye kazi, anasema balikuwa ndugu ya pweza. Gamba limejiviringa, ndani kuko vyumba vyumba. Mududu alikaa mu chumba cha mwisho tu. Akikua, anajenga ukuta nyuma yake. Bomba nyembamba inapita mu kuta zote, na hapo ndipo tunabagawa mu jamaa: karibu bote, bomba iko upande wa inje. Bale banaoitwa Baklimenia peke yabo, iko upande wa ndani. Kisha ninalowesha gamba na mate, kama tulivyolowesha malachite ya shaba pale shimoni, na mistari ya kuta inatokea. Jamaa moja mistari yake inapinda polepole, ingine iko kama meno ya musumeno.

Jamaa ninayopenda zaidi ni ya Wocklumeria. Gamba lake likiwa changa liko na pembe tatu! Patron sasa ananiita mimi wa kwanza kuchagua magamba.

Mudogo wako,
Gael

Kolwezi, tarehe 2 mwezi wa tano 2024

Mudogo wangu,

Tunakusalimia. Gradi anatembea, ameshavunja sahani.

Mama amependa hii pembe tatu. Anauliza: «Sasa mu usingizi alikuwa anajigeuza namna gani?» Nimemusomea barua mpaka naijua kwa kichwa.

Lakini, Gael, nimesikia ile sauti uliyotuma kwa simu siku ya Pasaka. Unasema neno, unakohoa, unasema neno. Nimeuliza infirmière, muuguzi wa hapa, akanicheka: «Mama, maziwa yanaenda tumboni. Vumbi iko mu mapafu. Hakuna mulango kati yabo.» Kwa hiyo acha kusaga. Sikuombi, ninakuambia. Rudi nyumbani.

Yaya yako

Erfoud, tarehe 27 mwezi wa nane 2024

Yaya,

Samahani nimekawia. Natumaini muko bazima. Hii usimusomee mama.

Nilipigwa picha ya kifua. Docteur aliiangalia, kisha akaangalia dirisha. Sisagi tena, ninakaa kwa kiti, ninachagua tu. Kupanda ngazi sipandi. Njia niliyokuya nayo, kwa malori na kwa miguu, siwezi tena kuirudilia.

Nimeuliza patron, jamaa ya Wocklumeria iliisha namna gani? Akasema pengine hewa iliisha mu mayi ya bahari, bakafwa karibu pamoja.

Mama umuambie bado ninajifunza magamba.

Mudogo wako

Kolwezi, tarehe 10 mwezi wa kumi 2024

Gael, mutoto wa mama,

Habari yako sitaiuliza, umeshanijibu. Uje hivyo hivyo. Uje na kikohozi chako, ukohoe mu nyumba yangu, nikikusikia. Nimeongea na ba paroisse, bandugu ba kanisa, banatafuta namna ya kukuleta kwa ndege. Niandikie tu kama unakubali.

Yaya yako

Kolwezi, tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 2024

Gael,

Uko? Mu simu, chini ya barua yangu, kuko alama moja tu, ya pili, ya kuonyesha imefika, haikuyi. Simu ya patron inaita, hakuna mutu anaipokea.

Mama kila siku anauliza: «Mutoto anasema nini?» Kwanza nilimurudilia magamba yako. Yakaisha. Nikaanza kutunga. Nikamupa jamaa ya pembe ine. Nikamupa ingine iko na bomba mbili. Jana, mukono mumoja nimeshika Gradi mwenye homa, ananyonya, nikamuambia mama kuko jamaa moja alikuwa akijenga ukuta, anaacha mulango, ili arudi akitaka.

Mama akasema: «Chancelle, hiyo si Gael anayesema.»

Nikakosa pa kuweka uso, hata kama haoni. Yeye akatafuta mukono wangu juu ya blanketi, akaushika.

«Endelea tu,» akasema.

Nimeendelea. Lakini mi sijui mengine. Andika hata jina moja la gamba, ingine nitamaliza mwenyewe.

Yaya yako