Hedifoni Mbili za Bapak

Klaten, 12 Februari 2023

Mwanangu Wening,

Natumaini unasoma haya ukiwa mzima, na kuinamia ramani za majengo kutwa nzima hakujakuvunja mgongo. Sisi huku hatujambo kiasi chetu. Mama yako anakula vizuri. Mkono wa kulia bado umelala, wa kushoto una nguvu za kunisukuma nikichelewa na chai. Nakuandikia kwa sababu simu za siku hizi laini zake mbovu, nusu ya maneno yako hayafiki.

Wiki iliyopita mama yako alianguka kutoka kitandani. Usishtuke, alichubuka goti tu. Alikuwa akinigongea glasi kwa kijiko, kama tulivyopatana tangu kiharusi kimnyang'anye sauti. Mimi nilikuwa mezani nasafisha sauti za kanda za kikundi cha muziki cha kijiji cha Mlese, nimevaa hedifoni zangu za kazi, zile zinazofunika sikio lote. Sikusikia kitu. Aligonga hadi akachoka, akajaribu kuinuka mwenyewe.

Mama yako mdogo Rukmi alikuja akanisema mpaka nikatamani kuingia chini ya meza. Anataka moja kati ya mawili: mimi niache kanda, au wewe uache kazi urudi umwangalie mama yako. Sitaki hata moja. Nimekaa chumba cha sauti redioni miaka thelathini na mmoja, nikiachishwa na hiki kidogo nitaoza. Na wewe hukusomea ramani uje kuoza nami.

Dawa ninaijua. Kuna hedifoni za mgongo wazi, nyuma zina wavu badala ya kifuniko. Sauti ya nje inaingia, mtu akikuita unasikia. Huko Singapuri zimejaa. Nitafutie za bei ya kati, zisizidi rupia milioni tatu. Za chini ya hapo zinatoa sauti ya ndoo, na za bei kali ni za watu wanaosikiliza hedifoni badala ya muziki. Muuzaji akikupigia porojo, mwache aseme. Nimeambatisha kanda ya mwaka tisini na nne, mama yako anapiga nyuzi za siter na kikundi chake. Pima kwa hiyo peke yake.

Bapak

Singapuri, 26 Februari 2023

Bapak,

Nakusalimu kwa magoti, wewe na Ibu. Mimi mzima, ila nimelala vibaya tangu barua yako. Goti linaendeleaje? Kwa nini niambiwe baada ya wiki?

Nimeshinda dukani Jumamosi mbili. Ni duka la ghorofa ya nne, watu wamekaa meza moja ndefu, kila mtu na muziki wake, macho yamefumbwa, hakuna anayesema neno. Ungefurahi. Kijana wa duka anaitwa Boon Keat. Nilimwambia nimekatazwa kumsikiliza, akacheka, akaniletea maji na kuniacha.

Nimejaribu tatu. Ya Kichina ina besi tamu lakini nzito kama kofia ya pikipiki, nikaivua baada ya wimbo mmoja. Zimebaki mbili.

Ya Kijerumani ina mito ya mahameli, haitoi jasho. Ila inabana. Baada ya nusu saa mikono ya miwani ilinichoma juu ya masikio, na wewe una miwani minene kuliko yangu. Sauti yake iko mbele, karibu. Gongo la shaba likipigwa lina mwili, na linakoma pale linapotakiwa kukoma.

Ya Kijapani nyepesi, nilisahau kama nimeivaa. Haina mkanda wa kichwani, ina vibawa viwili vinavyoegemea kichwa. Ukiinama inateleza. Muziki unakaa mbali, kila chombo na nafasi yake, kama niko ukingoni mwa ukumbi na kikundi kiko katikati. Gongo ni jembamba kidogo. Lakini siter, Bapak! Nilisikia kucha ya Ibu ikiteleza kwenye uzi.

Zote mbili, Boon Keat aliponiita kwa sauti ya kawaida, nilimsikia. Nichukue ipi?

Wening

Klaten, 5 Machi 2023

Mwanangu Wening,

Afya zetu ni zile zile, goti limepona, na sikukuambia mapema kwa sababu ungefanya kama unavyofanya sasa.

Umepima vizuri kuliko vijana wengi niliowafundisha redioni. Lakini kichwa ni changu na pua inayobeba miwani ni yangu. Tafuta zilizotumika, uchukue zote mbili. Nitakayoikataa nitairudisha, uiuze huko huko.

Kwa sasa nafanya kazi kwa spika. Pak Jumeri jirani amekuja mara mbili kuniambia nipunguze sauti, na mimi naona iko chini. Uzee umemharibu yule. Jana nilichelewa tena kumsikia mama yako, hata bila kitu kichwani, maana mvua ilikuwa inapiga vigae. Fanya haraka.

Bapak

Singapuri, 9 Aprili 2023

Bapak,

Mfungo wenu unaendaje? Ibu asilazimishe, mwambie nimesema mimi.

Hedifoni zote mbili nimezipata kwa wateja wa Boon Keat, safi kabisa. Ninayeishi naye, Sutinah, anarudi kwao Boyolali kwa sikukuu ya Lebaran na atakuletea. Ni msemaji huyo, mpe chai, atakusimulia maisha yangu yote. Mimi ofisini wamenipa siku mbili tu, nisamehe.

Vaa kila moja saa nzima kabla hujaamua. Kisha niandikie hasa kama unamsikia Ibu.

Wening

Klaten, 2 Mei 2023

Mwanangu Wening,

Tunakuombea msamaha wa Lebaran kwa makosa yote, ya nje na ya moyoni. Sutinah alifika, alikula ketupat nne, na sasa najua kuwa unaunguza wali.

Haya, hedifoni. Ya Kijerumani inabana kweli, lakini niliivalisha juu ya debe la biskuti siku tatu ikalegea. Mahameli ni mazuri. Gongo zuri, ngoma nzuri, sauti ya mwimbaji iko mbele yangu. Ya Kijapani nyepesi ndiyo, lakini nikiinama kuokota kanda inanianguka shingoni. Sauti yake imefifia, kama mtu ameweka pazia.

Nitasema bila kuuma maneno: zote mbili zina kasoro. Siter haipo. Kanda ile naijua, niliirekodi mwenyewe, mama yako alikuwa mita mbili kutoka kwangu. Nimepandisha sauti za juu hadi mwisho, napata mwangwi mwembamba tu. Uliuziwa vitu vilivyochezewa. Mwulize huyo Boon Keat.

Na glasi siisikii vizuri. Juzi mama yako aligonga hadi kijiko kikamtoka mkononi. Mgongo wazi gani huu? Tena watu wa Mlese wamenirudishia kanda zao, wanasema sauti zimekuwa kali, zinachoma masikio. Vijana hawa hawajui kusikiliza. Rukmi ameanza tena maneno yake.

Bapak

Singapuri, 7 Mei 2023

Bapak,

Nakusalimu kwa magoti, na leo nayapiga kweli.

Nimefungua tena kanda uliyonitumia. Nimeisikiliza kwa hedifoni ya Boon Keat, kwa simu yangu, na kwa spika ndogo ya jikoni. Sutinah, ambaye hatofautishi siter na kijiko cha supu, nilimuuliza anasikia nini, akasema, "Nasikia vinyuzi vinalialia." Siter ipo, Bapak. Ipo kila mahali.

Laini ya simu pia ni nzima. Rukmi namsikia, na yeye ananisikia.

Nimeandika na kufuta mara nyingi. Glasi na siter zote ni sauti za juu. Mvua haikuwa na hatia, wala Pak Jumeri, wala Mlese. Naogopa hata hedifoni zako za zamani hazikuwa na hatia siku Ibu alipoanguka.

Naomba kitu kimoja. Simama mlangoni bila kitu kichwani, Ibu agonge glasi, nawe umtazame. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie baadaye. Nakupenda na naogopa, basi.

Wening

Singapuri, 28 Mei 2023

Bapak,

Habari za huko? Wiki tatu sina neno lako. Rukmi ananiambia umezifungia hedifoni zote kabatini na husemi na mtu isipokuwa Ibu.

Nimeongea na mkubwa wangu kuhusu kuacha kazi. Anataka jibu ifikapo tarehe ishirini Juni. Hata ukiniandikia matusi, niandikie.

Wening

Klaten, 11 Juni 2023

Mwanangu Wening,

Mama yako mzima, Rukmi mzima kupita kiasi, na mimi nimerudiwa na hamu ya kula. Wewe je? Mwambie mkubwa wako unabaki.

Nilikukasirikia siku nyingi. Niliona mtoto niliyemfundisha kuchomeka waya ananifundisha kusikia. Siku moja Rukmi alipoondoka nikasimama mlangoni. Mama yako akashika kijiko. Nikakiona kinagonga mara tatu, maji ndani ya glasi yakatikisika, na mimi sikusikia kitu. Nikamwambia agonge tena. Akanitazama, akaweka kijiko chini, akaanza kulia. Alikuwa amejua kitambo, Wening, na hakuwa na sauti ya kuniambia. Niliona aibu, kisha nikaona hofu.

Daktari wa mjini Solo anasema sauti za juu zimekwenda na hazirudi, za chini ni nzima. Kifaa cha sikio nimeandikishwa, zamu yangu ni Agosti. Glasi nimeitoa. Mama yako sasa ana kentongan ya mwanzi, kama ile ya walinzi wa mtaa, inalia kwa sauti ya chini na nene. Siku ya kwanza aliipiga haraka haraka akitaka maji. Huku kwetu mapigo hayo ni ya mwizi. Wakaja watu kumi na moja na fimbo, Pak Jumeri ana sarongi tu, ameishika kwa mkono mmoja. Ilibidi wote niwape chai. Mama yako alicheka nusu ya uso, mara ya kwanza tangu augue. Sasa anapiga mara mbili polepole.

Nimezitoa hedifoni kabatini. Nikivaa ya Kijerumani kentongan naisikia ikiwa muziki uko chini. Nikivaa ya Kijapani naisikia kama sijavaa kitu. Hukuuziwa kasoro. Mwombe radhi Boon Keat kwa niaba yangu.

Kanda za Mlese nimezirudia. Nilikuwa nimezijaza siter hadi zinakata masikio. Safari hii nilimvalisha mama yako ya Kijapani, kwa kuwa ya Kijerumani inamchosha shingo akiegemea mto. Mimi nikashika vitufe, yeye akawa ananionyesha kwa kidole: punguza, punguza tena, hapo. Mlese wamezipokea bila neno. Ya Kijerumani nitaitumia mimi kwa besi na sauti za watu, kwa hiyo hutarudishiwa ya kuuza.

Juzi tukaweka kanda ya tisini na nne, yeye na ya Kijapani, mimi na ya Kijerumani. Nilikaa kando yake nikatazama mkono wa kushoto juu ya shuka. Ngoma ilipokuwa peke yake vidole vilitulia. Kisha vikaanza kuipiga shuka kama nyuzi, kimoja kimoja, halafu vyote, vikaenda hivyo hadi gongo la mwisho. Sikusikia hata uzi mmoja, lakini nilijua kila ulipopigwa, na nimeandika kila pigo kwenye karatasi. Hedifoni ya Kijapani ni ya mama yako.

Bapak