Mama Mkwe Amenirudishia Meno Juu ya Redio

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usinicheke kwanza, ukishamaliza kusoma ndipo ucheke. Mimi ni fundi wa meno ya bandia, nina mke na watoto, tunaishi kwa mama mkwe, nyumba ni yake na sisi tuko vyumba vya nyuma, na kwa kweli tuliishi vizuri mpaka niliponunua redio ya mawasiliano, ile ndogo ya kubebeka inayopokea na kurusha, nguvu yake haizidi ya taa ya baiskeli lakini wenye ujuzi wanavuka nayo bahari, na usije ukadhani ni mambo ya kihuni, mtihani niliufanya na leseni ninayo.

Shida yangu ni kwamba nasikia kila mtu na hakuna anayenisikia. Nimebadilisha betri, nimekaza viungio, nimekata waya wa antena nikaurefusha tena, nimeuzungusha stoo yote kisha nikaupitisha juu ya bomba la pazia la sebuleni ili upate nafasi, naita, naita, kimya, watu wanaendelea kusalimiana huko kwao kana kwamba sijazaliwa, na kazini nako uelewe, siku nzima nashinda na mataya ya plasta ambayo hayana la kunijibu, kwa hiyo nikazoea kuongea tu yaliyo moyoni kwenye maiki, maana nilijua hayafiki popote.

Sasa mama mkwe ndiye mwimbaji kiongozi wa kwaya, na wenzake huja kufanya mazoezi hapo sebuleni, wana amplifaya na spika moja kubwa inayotisha watoto. Jumamosi alasiri walikuwa wamekaa wakimsubiri mpiga kinanda, amplifaya imewashwa, na mimi niko stoo nimejifungia, naita kama kawaida, kimya kama kawaida, basi nikaanza. Nikasema mama mkwe wangu anakoroma mpaka madirisha yanaitikia, nikasema ananinunia kila nikipita, na nikasema, Mungu anisamehe, kwamba yale meno meupe anayowachekea watu si yake, nimeyatengeneza mimi kwa mikono yangu, ya juu yote na ya chini yote, na kila siku ananiambia yanambana upande wa kushoto, nimechoka, mama wa watu anatembea na kazi yangu mdomoni na mdomo huo huo ndio unaonisema. Nikamalizia kama tulivyofundishwa, "Nasikiliza. Aliyenipata ajibu."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama mkwe mwenyewe, na nyuma yake kwaya nzima, sauti ya kwanza mbele, besi nyuma. Akasema, "Nimekupata vizuri sana, baba. Tena tumekupata wote."

Mshauri, hilo ndilo jibu la kwanza kupata tangu ninunue redio.

Kumbe nilikuwa natokea kwenye spika yao neno kwa neno. Mke wangu aliporudi nikajitetea kwamba ile ilikuwa sauti ya mtu wa nchi ya mbali, mawimbi huwa yanaingiliana, akanitazama akaniuliza, "Na huyo mtu wa mbali naye kamtengenezea mama yangu meno?" Kesho yake nikayakuta meno juu ya redio, yameoshwa, yamefungwa kwenye kitambaa cheupe. Tangu hapo mama hasemi na mimi, na wengine anasema nao kwa kuziba mdomo kwa kiganja, anakula vya kunywa tu, mazoezi ameyaacha, na kwaya inatafuta mtu mwingine wa kuongoza. Mke wangu amesema, "Meno yarudi mdomoni mwa mama, au wewe urudi kwenu na hiyo redio yako," na kwa sasa nalala kwenye kochi.

Nimefikiria niwaite wanakwaya niwaambie nilikuwa najaribu mitambo na yale maneno yalikuwa ya kujaribia tu, hayana ukweli. Au ninyamaze yapite? Na kama unajua, mshauri, kwa nini sebuleni nasikika safi na mbali sisikiki kabisa? Hilo la mwisho, ikiwezekana, ulijibu kwanza.

Ni mimi fundi meno wa kwenye kochi.

Mshauri anajibu

Fundi meno, nimecheka kwanza, sikukusubiri. Sasa nimemaliza, kaa vizuri nikwambie.

Meno ya mkweo yako kwenye kitambaa, ndoa yako iko kochini, na wewe unataka tuanze na antena. Haya, tuanze nayo ili usiniandikie tena. Niliwahi kuolewa na mtu wa antena; ndoa iliisha, elimu ikabaki. Waya wako umeulaza juu ya bomba la pazia, bila shaka bega kwa bega na waya wa spika, ndani ya kuta nne. Hicho kinguvu chako kinaishia humo humo: waya wa spika unakidaka, amplifaya inakikuza. Na kama walikusikia neno kwa neno, basi umebonyeza kitufe cha AM, mtindo wa kurusha wa stesheni za zamani, bila kujua. Ungekuwa kwenye mtindo wanaotumia wenzako wa mbali, ile spika ingetoa sauti ya bata anayegombana na mkewe, asingeelewa mtu, na leo ungekuwa umelala kitandani kwako. Kwenye AM nguvu zako nyingi zinaliwa na wimbi tupu lisilo na neno hata moja, na kinachobaki cha kubeba sauti hakina miguu ya kufika mbali.

Kwa hiyo rudisha kitufe mahali pake, toa waya nje, upandishe juu, mbali na nyaya za watu, na upime kabla hujarusha. Halafu redio hiyo, ndugu yangu, ni ya kubebeka. Umeibeba kutoka dukani mpaka stoo, basi, safari ikaishia hapo. Ipeleke uwanjani ikapate hewa. Na leseni hukupewa ili uwasimange wakwe zako hewani.

Sasa tuje kwa mama.

Usithubutu kuwaita wanakwaya. Yaani usimame mbele ya watu wale wale, uyataje meno yale yale mara ya pili, useme hayapo, na mwenyewe amekaa pale kaziba mdomo? Kichwa chako kiko sawa kweli? Na kunyamaza yapite, yatapita, na mkeo atapita nayo.

Imeniuma, nakwambia ukweli. Mdomo wa mtu ni siri ya fundi wake. Hata angekuwa mteja aliyeingia kutoka barabarani ungeinyamazia, sembuse huyu aliyekupa binti yake akakupa na paa. Alikuwa anasimama mbele ya watu na kuimba, na leo anaogopa kufungua mdomo nyumbani kwake mwenyewe. Tena kakujibu kwa upole. Mimi ningekurushia ile spika.

Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na kuna mahali umepita mbio. Unasema kila siku anakwambia yanambana upande wa kushoto, na wewe ukahesabu kuwa anakusema. Bwana wee, hiyo ni taarifa ya hitilafu! Waya usio na mdomo umeukata, umeurefusha, umeuzungushia nyumba. Mama mwenye mdomo kakueleza tatizo ni nini na liko upande gani, kila siku ya Mungu, na hujashika hata msasa. Unasema anakununia. Hebu tafuna kokoto moja asubuhi hadi jioni, kisha uje unitabasamie mimi.

Haya, fanya hivi. Zima redio leo, betri mpe mkeo aifiche anapojua yeye. Mwombe akutangulie kwa mama. Ukifika, omba radhi kwa ulichosema, bila mawimbi, bila mitambo, na neno "lakini" liache mlangoni. Habari ya wanakwaya mwachie mama mwenyewe. Akitaka ukaombe radhi mbele yao, nenda ukiwa umeoga. Akitaka usilitaje tena, usilitaje tena, hata ukiwa peke yako stoo.

Na yale meno usimpelekee kama yalivyo ukamwambia vaa tu mama, yaishe. Leta vifaa vyako nyumbani, mwekee kiti pazuri penye mwanga, kaa chini mbele yake, na kabla hujagusa chochote mwulize kwa sauti ya kawaida, "Mama, panauma wapi?" Kisha funga mdomo wako. Akikufungulia wake, amekusamehe.