Tezi Nyuma ya Masikio

Yuditha, nimetoka kupima. Ukimwi sina. Nimekaa hapa stendi ya Segera, hata nguvu ya kupanda gari sina.

Zile tezi za shingoni, nyuma ya masikio, nilizokushikisha, unazikumbuka? Wiki mbili nalala nazipapasa. Nimetoka Mazinde mpaka huku kote ili nisionane na mtu anayenijua.

Nesi, mama mtu mzima, kanishika shingo, kisha akasema, "Vua mtandio." Akaanza kutenganisha hizi rasta nilizosuka kwa ajili ya harusi ya Mwaija.

"Mwanangu, nani kakukaza hivi? Kichwa kizima vidonda, vina usaha. Tezi zitaacha kuvimba?"

Rasta, Yuditha! Rasta! Mimi nimeshapanga mpaka nani atanilelea wanangu, kumbe rasta.

Kipimo alikifanya hivyo hivyo. Hasi. Kanipa dawa, kaniambia nifumue leo leo.

Nilikaribia kucheka. Ila akaniuliza, "Vidonda vinakuuma, unavijua. Mbona wewe moja kwa moja ukawaza Ukimwi?"

Nikaokota mtandio wangu, nikajifunga. Akanitazama weee, halafu akasema taratibu, "Urudi baada ya miezi mitatu upime tena. Uje na mumeo."

Na Sufiani kanipigia sasa hivi, anauliza nimepika nini. Tangu aanze hizo safari zake za Mkumbara, nyumbani analala siku mbili kwa wiki. Shingo yangu imevimba hivi, hajaiona.

Nimechoka, shoga. Rasta nitafumua leo, sawa. Sufiani naanza naye wapi?