Mkono Ulioomba Radhi

Kpetoe,
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Akpene,

Usishangae mwandiko. Umezoea herufi zangu zinazolala, na hizi zimesimama wima. Barua hii naiandika kwa mkono wa kushoto, nimejifungia chumbani, na huo ndio mkono wangu wa asili. Sijapata kumwambia mtu, hata Mama. Nilipokuwa mdogo niliona binamu yetu Mawuko alivyopakwa pilipili vidoleni, nikajifunza kutumia wa kulia kabla mtu hajanishtukia. Wewe ndiwe wa kwanza kujua, na ukisoma hadi mwisho utaelewa kwa nini nimelisema leo.

Sasa nikusalimu kama inavyopasa. U hali gani huko Takoradi? Shemeji Kodzo anaendeleaje, na ile homa ya mtoto imekwisha? Sisi ni wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, jua likipanda linamwachia. Mimi mitihani nimemaliza, sanduku langu la vitabu liko chini ya kitanda chako cha zamani, na nyumba naiona ndogo.

Ninayetaka kukuandikia habari zake ni mdogo wetu Dzigbordi. Muhula ujao anaanza shule. Baba alimkuta uani akichora kuku kwenye vumbi kwa mkono wa kushoto. Kwanza alimkanya kwa maneno. Maneno yaliposhindwa, alichukua ukanda wa kente, kile kitambaa anachofuma, uliobaki kazini akaufunga ule mkono ubavuni mwake, unafungwa asubuhi na kufunguliwa wakati wa kulala. Mama alimsihi sana. Baba alijibu kwamba hamtesi mtoto, anamwokoa, maana mtoto akimpa mkubwa kitu kwa kushoto anayetukanwa ni mama yake. Dzigbordi hakulia kama nilivyoogopa. Aliacha tu kuchora. Siku moja namwogesha akaniuliza, "Dada Sitsofe, huu mkono umekosa nini?" Nilimmwagia maji kichwani ili nisijibu.

Wakati huohuo shuleni tulikuwa tunajiandaa kwa Siku ya Sayansi, ile ambayo wazazi hualikwa. Kundi letu lilikuwa na Selorm, Kekeli na mimi. Selorm unamkumbuka, mtoto wa fundi redio, asiyenyamaza hata akiwa na chakula mdomoni. Yeye ndiye aliyechagua swali: mkono upi ni mwepesi zaidi, wa kulia au wa kushoto? Jaribio lenyewe ni rahisi. Mtu anashika rula kwa juu, wewe unaacha vidole wazi huku chini, anaiachia bila kukuambia, nawe unaidaka. Ikianguka sana kabla hujaidaka, mkono wako ni mzito.

Mwalimu Agbeko alitukazania jambo moja mpaka tukaliota: badilisheni kitu kimoja tu, mengine yote yabaki vilevile, la sivyo mtakuwa mnajidanganya. Kwa hiyo rula ikawa moja, meza moja, kiwiko kimeegemezwa mahali pamoja. Na ili isiwe huyu anaachia hivi na yule vile, mwalimu alisema ataiachia yeye mwenyewe kwa kila mtu. Sote tuliona hiyo ndiyo haki kamili.

Tulikwenda kwenye banda la wafumaji, Baba akiwemo. Kwa mkono wa kulia walidaka vizuri. Kwa wa kushoto rula iliwaponyoka, wengine ikawafika mwishoni kabisa. Selorm alikuwa karibu kucheza ngoma. Jioni ileile aliandika kwenye bango letu kwa rangi nyekundu: MKONO WA KUSHOTO NI MZITO KWA MAUMBILE.

Baba alirudi nyumbani na ushindi wake. Tukiwa tunakula akple na mchuzi wa bamia alimwambia Mama, "Umeona sasa? Si mimi ninayesema. Sayansi imesema." Akaongeza kwamba kitambaa hakitafunguliwa hata usiku, mpaka ule mkono usahau. Dzigbordi alikuwa ameketi pale pale, tonge linamwanguka.

Sijui nilipata wapi sauti, Dada. Nilisema polepole kwamba mbona yeye mwenyewe, akifuma, kile kijiti chenye uzi anakirusha kwa kulia na kukidaka kwa kushoto kutwa nzima, haraka kuliko macho yetu. Baba alicheka. "Kwani kitanda cha kufumia ni mzee wa ukoo? Nikianza kukiomba radhi kwa kutumia kushoto kila uzi unapopita, bwana harusi si ataoa uchi!" Mama naye akacheka. Mimi niliweka tonge chini, kwa sababu papo hapo nilijua tulikosea wapi.

Asubuhi nilimfuata Mwalimu Agbeko maabara. Nilimwambia huku nikitazama sakafu kwamba nadhani hatukupima wepesi wa mkono, tulipima heshima. Selorm aliruka: "Ee jamani, bubu kasema! Siku ya Sayansi ni Jumamosi, leo ndiyo unapata mdomo?" Kekeli akamwambia anyamaze, asije akameza nzi.

Mwalimu alichukua chaki, akamnyooshea Kekeli, akamwambia aipokee kwa kushoto. Kekeli akatoa mkono, akasema kama sote tulivyolelewa, "Huu ni wa kushoto," kisha akangoja. Mwalimu hakumjibu "Ni mkono tu" kama ilivyo desturi. Basi mkono wa Kekeli ukabaki unaning'inia hewani, chaki iko mbele yake, haugusi. Tulisimama tukiutazama. Rula ile wafumaji walikuwa wanaipokea kutoka kwa mwalimu wa watoto wao, mtu mwenye mvi. Midomo ilijizuia kuomba radhi, mikono haikuweza.

Mwalimu alijishika kiuno, akasema kosa ni lake, kwamba kile alichokiweka ili kuleta haki ndicho kilichoiharibu. Akauliza tufanyeje. Nilisema labda rula isiachiwe na mtu. Tuliifunga kwa kibano kwenye stendi ya chuma, tukatoa uzi mrefu hadi nyuma ya pazia, ili anayevuta asionekane wala asijue ni mkono gani unaodaka. Mkono wa kuanza tukaamua upigiwe kura, maana mara ya kwanza wote walianza na kulia. Na kila mkono upewe mara nyingi, si mara moja, kwa kuwa bahati nayo hudaka.

Hakukuwa na siku ya kujaribu kabla. Tungefanya palepale, mbele ya wazazi. Selorm alilalamika kwamba tukiumbuka tutachekwa hadi soko la mjini Ho. Mimi hofu yangu ilikuwa nyingine. Nilipokuwa nakunja pazia mwalimu alinijia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anayeomba jaribio la haki lazima awe tayari kupokea jibu lolote. Hakujua habari za Dzigbordi. Lakini mimi nilijua kwamba kushoto kukionekana kuzito tena, safari hii bila kasoro, nitakuwa nimemfunga mdogo wangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwa ajili hiyo nilikataa kuvuta uzi, nikakataa kupima, nikakataa hata kuandika. Walidhani ni aibu yangu ya siku zote. Ukweli ni kwamba nililitaka jibu moja mno, na mtu wa namna hiyo hafai kushika rula. Nilimwachia uzi Selorm, aliyekuwa anataka jibu la kinyume.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wafumaji walikuja na nguo zao nzuri, Baba mbele yao, na Dzigbordi kamshika kwa mkono wake wa kulia, wa kushoto umefungwa chini ya gauni. Mmoja wa watu tuliowategemea hakufika, na Kekeli akanisukuma nikajaze nafasi. Nilidaka kama wengine. Naapa kwako, Dada, mkono wa kulia niliutumia kwa nguvu zangu zote, sikuuonea. Kisha nikarudi mlangoni nikawapa mgongo.

Baba alipoketi, kura ilimpa kushoto kwanza. Nilisikia rula ikigonga meza. Haikudakwa kabisa. Watu wakaguna, mtu akasema, "Mzee, huo mkono umelala?" Nilishika fremu ya mlango. Ikaachiwa tena, nikasikia kofi la kiganja, na tena, na tena. Kulia na kushoto, kofi lilikuwa sauti ileile. Sikugeuka mpaka Kekeli alipoanza kusoma majibu.

Kulia kulishinda, Dada, siwezi kukudanganya. Kwa wengi kulikuwa mbele kidogo. Lakini ile tofauti ya mwanzo, iliyokuwa ndefu kama kidole, sasa ilikuwa unene wa ukucha. Selorm mwenyewe alipanda jukwaani akalichana lile bango jekundu, akasema maumbile yaombwe radhi. Mzee Fiagbe wa banda la pili akapaza sauti, "Kumbe mkono wangu si mvivu, ni mpole tu! Mke wangu yuko wapi asikie?" Ukumbi ukavunjika kwa vicheko.

Baba hakucheka. Alikwenda kwenye karatasi ya majibu, ambayo ilikuwa na namba badala ya majina, akapitisha kidole chake mstari kwa mstari. Kidole kikasimama. Akauliza namba saba ni nani, mbona mkono wake wa kushoto unaushinda wa kulia kwa mbali. Selorm akamjibu kwa heshima kwamba waliahidi kutotaja majina. Baba akainua macho, akawatazama watu wote mmoja mmoja. Nilikuwa natazama viatu vyangu.

Tulipofika nyumbani alimketisha Dzigbordi kwenye kigoda, akafungua fundo taratibu kama anavyofungua uzi uliojisokota. Akamwambia Mama, kama vile yeye ndiye aliyekuwa mkaidi, kwamba mtoto ataandika kwa mkono autakao. Kutoa na kupokea itakuwa kwa kulia, kwa sababu, alisema akinitazama mimi, "kipimo chenu hakikupima adabu." Na ni kweli, Dada. Hatukuipima. Sikumbishia.

Sasa nifike kwenye ombi langu. Baba hajaacha kumtafuta namba saba. Ameuliza bandani, amemuuliza Mwalimu Agbeko, juzi amemuuliza mama yake Kekeli. Ukija kwa sikukuu ya kente atakuuliza na wewe, kwa kuwa anajua sikufichi kitu. Akijua ni mimi, atakumbuka nani alidai jaribio lirudiwe, na atasema kesi ya nyani imeamuliwa na ngedere. Hatasikiliza habari ya pazia wala ya mlango niliouegemea. Atakwenda kuutafuta ule ukanda, na haukutupwa. Umekunjwa juu ya kabati.

Nitamwambia mwenyewe. Nataka tu Dzigbordi aanze shule kwanza, aandike jina lake lote bila kuinua mkono, na mwalimu wake alipigie alama ya sahihi, ili Baba awe na kitu cha kutazama wakati ninaposema. Kwa sasa ameandika herufi tatu ukutani kwa mkaa, na Mama amejifanya hajaziona.

Mama anakusalimu, anasema ukija umletee samaki wa kukaushwa wa huko. Msalimie Shemeji, umbusu mtoto kwenye visigino vyote viwili. Barua hii usimsomee mtu, Dada, hata Shemeji, na Baba akikuuliza kuhusu namba saba, mimina maji ya kunywa, umpe kwa mkono wa kulia, unyamaze.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Sitsofe