Nilishika Usukani Saa ya Rahu

Kovur, Ijumaa

Mwanangu Phani,

Hujambo, baba? Miguu bado inakuvimba kwa kusimama kutwa dukani huko Muscat? Unakula wali, au ni mkate tu kila siku? Sisi huku ni wazima. Bibi yako anakusalimu, anasema meno mawili aliyobaki nayo yanamtosha, ila usimletee tena zile biskuti ngumu. Baba yako mdogo Ramanayya anakusalimu, ingawa mimi hanisemeshi tangu juzi, na sababu utaisoma. Mkewe Kantamma anakusalimu. Jirani Polamma na wanawe wote watatu wanakusalimu. Nyati wetu wa maziwa amezaa jike, mzima kabisa.

Na dada yako Haima anakusalimu. Usiitupe barua, mwanangu. Najua huu ni mwaka wa saba hamsemezani. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenikatiza, au ningelia, na kalamu hailii. Soma mpaka mwisho.

Juzi Jumatano ilirushwa roketi kule kisiwani Sriharikota, na vali za mafuta ndani yake amezifunga na kuzipima Haima kwa mkono wake, mwaka mzima. Ilikuwa roketi yake ya kwanza. Mara mbili iliahirishwa kwa ajili ya upepo, na mara zote mbili wenzake walikuwa na mama zao jukwaani, yeye hana mtu. Safari hii nilimwahidi kwamba nitakuwepo. Roketi ingeruka saa nane na robo mchana, na lango la watazamaji lingefungwa saa saba na nusu.

Baba yako mdogo akatuchukua kwa gari lake, mimi na Bibi, tukaondoka saa tatu asubuhi. Bibi akasema hapiti Nelapattu bila kuwaona mwari wake, wale ndege wenye mfuko mdomoni, maana ndiko alikozaliwa. Kwao wanawahesabu ndege hao kama mabinti walioolewa mbali ambao kila mwaka hurudi kujifungulia kwa mama. Basi tukasimama. Miti ya bwawani ilikuwa nyeupe kwa ndege, makinda yanaingiza kichwa kizima kooni mwa mama zao kutafuta samaki. Bibi akawauliza kwa sauti kama wakwe zao wanawalisha vizuri, mbona wamekonda. Tukacheka, tukala wali wa ukwaju na achari, tukanawa.

Hapo baba yako mdogo akatazama saa. Ilikuwa saa sita na dakika tano. Akatia ufunguo wa gari mfukoni mwa shati, akakaa kwenye kiukuta.

Saa ya Rahu, yule pepo mmeza jua, unaijua, nimekulea nayo, na kila siku ina wakati wake: Jumatano huanza saa sita na kuisha saa saba na nusu, na saa hiyo ya nuksi kwetu hakuna anayeanza jambo. Bibi akamwambia kwamba safari tuliianza saa tatu, hii ni ileile. Ramanayya akajibu kwamba tumeshuka, tumekula, tumenawa, kwa hiyo sasa ni safari mpya. Bibi akamuuliza, je, akishuka njiani kukojoa, akipanda tena huwa anaanza safari mpya? Walinzi wa bwawa wakaangua kicheko. Ramanayya akasema hata wataalamu wa roketi hupeleka mfano wake hekaluni kwa Bwana wa Tirumala kabla ya kurusha, yeye ni nani ashindane na Rahu? Bibi akamjibu kwamba basi Bwana ameshaarifiwa, kilichobaki ni dereva.

Hakuondoka. Nilimsihi, nikamwambia Haima ataangalia viti avikute vitupu mara ya tatu. Akasema hata pale tulipo tutaona moshi, na moshi ni moshi. Mimi nikawa natazama ule ufunguo mfukoni mwake. Moyo ukanichoma, na sababu yake nitakwambia. Nikanyoosha mkono, nikauchomoa.

Alishtuka, akaniambia, shemeji, hilo si nyati wa kuvuta kwa kamba. Nikamwambia huu ni mwezi wa kumi na moja naendesha pikapu ya maziwa ya kikundi chetu cha akina mama. Wewe pia hukujua, mwanangu, niwie radhi, niliogopa utanikataza. Bibi alikuwa ameshakaa mbele. Injini ilipoitika, Ramanayya akakimbia akarukia kiti cha nyuma, akisema anakuja kulilinda gari lake tu.

Phani, barabara kuu ina malori kama nyumba. Niliukaza usukani kwa mikono miwili, bangili zikilia kila nikikwepa. Nyuma, Ramanayya anataja majina ya Mungu, na kila nikibadilisha gia anayaanza upya. Baada ya Sullurpeta tukaingia barabara inayokata ziwa la Pulicat, na flamingo walikuwa kushoto na kulia, maelfu, kama sari za waridi zilizoanikwa juu ya maji. Bibi akataka nisimame. Nikamwambia, mama, nikisimama huyu wa nyuma atasema ni safari ya tatu. Tukafika langoni saa saba na dakika ishirini na mbili, Rahu bado ana dakika zake nane.

Roketi ikaruka. Sitaweza kukueleza. Moto kwanza, kimya kabisa, halafu sauti ikaja ikatupiga kifuani, na ndege wa ziwani wote wakainuka. Watu walipotangaziwa kwamba chombo kimefika kilikotumwa, nilimwambia kila aliyekaa karibu yangu kwamba vali ni za binti yangu. Bibi aliwaambia ni za kwake.

Haima alipokuja kutukumbatia nilimweleza jambo ambalo sasa nakueleza wewe. Asubuhi ile ya usaili wake wa kwanza wa kazi, miaka saba nyuma, ulipotakiwa kumpeleka stesheni, hukupoteza ufunguo wa pikipiki. Niliuficha mimi, ndani ya debe la mchele, kwa sababu ilikuwa Jumatatu, siku ambayo saa ya Rahu huwa asubuhi, na treni ilikuwa katikati yake. Nilidhani kutakuwa na treni nyingine; haikuwepo, na usaili ukampita. Kisha marehemu baba yako akakuita mzembe mbele ya mtaa mzima, Haima akakuita mwenye wivu, nami nikanyamaza. Ukaondoka na aibu isiyokuwa yako. Baba yako amekufa akiamini hivyo, na hilo nitalibeba mimi. Nisamehe, mwanangu.

 Haima akasema amekukosea miaka saba, na akaniuliza kama namba yako ni ileile. Hathubutu kupiga kabla hujaisoma barua hii kwa macho yako.

Bibi anakubusu. Kula vizuri. Ukiimaliza tu, usingoje mapumziko, tuma neno upesi, hata moja, kwamba Haima apige. Simu yake ameiweka mapajani.

Mama yako,
Rajyamma