Mwanamume wa Chini ya Blanketi

Baba Akuwam,

Samaki nimewafunika kwa sahani. Chai iko kwenye chupa.

Najua umeacha lori Lokichoggio unakuja mbio, kwa sababu jirani yetu Namuria amekupigia simu kwamba kuna mwanamume chumbani kwetu. Pole kwa vumbi.

Huyo mwanamume ni mimi. Asubuhi nilikuwa najirekodi kwa simu, sauti zote nne za wimbo wa Krismasi, ili kwaya ya Kakuma ijifunze. Nilijifunika blanketi kuzuia upepo. Kwenye alto mbuzi aliingilia, ndiyo maana amefungwa, usimfungulie. Kwenye besi nikashusha sauti mpaka kitanda kikatetemeka, ndipo Namuria akagonga dirisha: "Mama Akuwam, huyo mwanamume atoke tumwone!" Nikatoka mimi na jasho langu. Hakuamini. Akaingia, akachungulia mvunguni, kisha akaenda nje na simu yake.

~~Usile mpaka uniombe msamaha.~~ Kula tu, umetoka mbali.

Nimeenda Kakuma kuwafundisha, narudi jioni. Lakini jiulize: wewe umeimba besi humu ndani miaka yote, na hakuna jirani aliyewahi kudhani kuna mwanamume.

Mama Akuwam,
sauti zote nne